Msifiche Kikohozi cha Mtoto

Ilisemwa kwamba kwenye shamba la ng'ambo ya mto, mpishi mmoja alifukuzwa na nyumba yake ikatiwa moto kwa sababu mtoto wake alisikika akikohoa. Niliisikia mara ya kwanza mtoni nikifua nguo. Walisema mzungu wa kule hakuuliza ni kikohozi cha namna gani. Alisema Waafrika wamemletea kifua kikuu mlangoni, akaita nyapara, akaita mafuta ya taa. Maharagwe ya mwaka mzima yakaungulia ndani. Mke wa mpishi, jina lake Hellen, alionekana barabarani na godoro kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto bado anakohoa. Siku chache baadaye habari ikaongezewa kuku walioungua. Halafu ikaongezewa mbuzi wawili.

Kwa mbuzi nilicheka pamoja na wengine. Lakini nilipofika nyumbani nilimtazama mtoto wangu Musimbi, nikajikuta nimempelekea mkono kifuani. Habari ile ilinishika. Nikisonga ugali iko, nikichanja kuni iko, nikifumba macho niombe iko mbele ya Mungu kabla yangu. Sababu mume wangu, Murunga, naye alikuwa mpishi wa mzungu. Nyumba yetu haikuwa kule kwenye laini, zile nyumba za safu, pamoja na vibarua. Ilikuwa nyuma ya jiko la memsabu, mke wa bwana; ua wa kaiyaba, ule mti wa miiba, peke yake ndio ulitutenganisha, na memsabu alikuwa na mtoto mchanga.

Naandika haya kwa mama yeyote anayekaa kwenye shamba la mtu, mbali na kwao.

Sisi kwetu ni kule chini, kwenye joto. Huku Eldoret, au Sisibo kama watu walivyouita mji wakati ule, mwezi wa saba si mwezi wa mtoto. Mvua inaanza mchana na haiombi ruhusa. Asubuhi majani ni meupe kwa umande wa barafu, na ukimwogesha mtoto maji ya moto, yamepoa kabla hujafika mgongoni. Shamba letu lilikuwa upande wa kwenda Moiben, ngano na ng'ombe wa maziwa. Musimbi alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na akifika mwisho wa ukuta anakaa chini na kucheka, kama mtu aliyefika safari yake.

Alianza na makamasi tu. Kila mtoto ana makamasi mwezi wa saba.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka nyumbani kututembelea. Jina lake Nanzala, lakini sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Alikuja na kibuyu cha samli ya zamani, ile inayokaa mpaka inanuka kama ngozi, na fundo la munyu, ile chumvi yetu ya majivu. Alipomwona mtoto akipumua kwa mdomo alifurahi kabisa. Nasema ukweli, alifurahi. Alikuwa amekaa kwetu bila kazi, sasa kazi imepatikana.

"Mafua hayo," alisema. "Mafua ni ugonjwa wa nyumbani. Hauna hospitali."

Akaanza na mvuke. Nilichuma majani ya mkaratusi kwenye ule mstari wa miti kando ya barabara, nikayachemsha kwenye sufuria kubwa. Kukhu alikaa chini na mtoto, akaiweka sufuria katikati ya miguu yake, akajifunika blanketi yeye na mtoto pamoja. Musimbi akapiga kelele.

"Njoo umshike miguu," Kukhu aliniita kutoka ndani ya blanketi.

"Mama, anakosa pumzi."

"Anakosa pumzi gani? Si analia? Anayelia ana pumzi."

Walipotoka, uso wa mtoto ulikuwa mwekundu na nywele zimelowa, na kwenye goti alikuwa na lengelenge la maji ya moto. Kukhu alilitazama goti, akasema, "Hiyo ni ndogo." Lakini pua ilifunguka, na mtoto akalala. Kwa hiyo sikusema kitu. Jambo likisaidia mara ya kwanza, unanyamaza, na kunyamaza kwako kunahesabiwa kwamba umekubali yote yatakayofuata.

Mafua yakashuka kifuani. Kikohozi kilichokuja hakikuwa kile cha kukohoa na kusahau. Kilimshika akiwa amekaa, kikamkunja, na kilipomwachia alikuwa anatafuta hewa kwa mikono. Jirani yangu Jemutai alikisikia akiwa nje ya ua. Mume wake, Kiptoo, ndiye aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa ng'ombe uliopeleka madebe ya krimu mjini kila asubuhi. Jemutai aliingia na asali kwenye kikombe, akamfunua mtoto kifua, akakaa akiangalia.

"Mama Musimbi," aliniambia mwishowe, "ngozi inaingia ndani ya mbavu akivuta pumzi. Unaona? Mpeleke mjini. Kiptoo atawabeba kesho kwa mkokoteni."

Kukhu alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Huyu naye ni nani?"

"Ni jirani, mama."

"Wa kunywa damu ya ng'ombe ndiye atatufundisha dawa ya mtoto?"

Jemutai alicheka. Alikuwa mtu wa utani. "Kukhu, damu ya ng'ombe haijaua mtoto. Lakini nyinyi watu wa chini nawajua, kuku akigonjeka mnakimbia, mtoto akigonjeka mnachemsha majani."

"Nimezaa tisa mimi."

"Na mbwa wa memsabu amezaa sita," Jemutai akasema, "na juzi alikohoa mara moja tu akapanda gari. Amekaa kiti cha mbele, kichwa nje ya dirisha, mpaka kwa daktari wa wanyama. Mtoto wa mtu anakaa kwa moshi."

Mimi nilicheka kidogo, na hilo Kukhu hakulisahau. Jemutai alipotoka, alinigeukia.

"Umesoma mpaka darasa la nne ukajua kucheka wakwe. Umezaa mmoja, tena msichana. Mimi nimezaa tisa."

Nilijua kwamba katika hao tisa, walio hai ni wanne. Ulimi ulinifika mpaka kwenye meno. Nikaurudisha.

Murunga alipokuja kula mchana nilimwambia juu ya mkokoteni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya kazi ambayo haikuruhusiwa doa, kwa hiyo hata mtoto wake alimshika kwa mbali, mikono imenyooka.

"Umesahau ya Hellen?" aliniuliza.

"Sijasahau."

"Ukipita pale barabarani na mtoto anakohoa juu ya mkokoteni wa krimu, krimu ya bwana, nani hataona? Nyapara ataona. Kituyi ataona." Kituyi ndiye nyapara wetu, na alikuwa na ndugu asiye na kazi aliyejua kupika. "Subiri apate nafuu kidogo ndiyo umpeleke."

"Akipata nafuu nitampelekea nini?"

"Basi si itakuwa vizuri? Hutakwenda."

Kukhu alicheka mpaka akapiga mapaja. "Mwanangu ana akili," akasema.

Hivyo ndivyo mkokoteni wa kwanza ulivyoondoka bila sisi. Niliusikia ukipita, madebe yakigongana, na nilikuwa nimekaa kitandani na mtoto nimemfunga tayari kwa leso.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu wako watakaosoma haya ambao hawakulelewa kama sisi, na wako waliolelewa hivyo wasioona ubaya. Kwetu, mtoto anayekataa uji au dawa habembelezwi. Anayembembeleza anaitwa mvivu. Mwanamke hukaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto chali juu ya mapaja, kichwa kimeshuka kidogo. Mkono wa kushoto anaukunja kama bakuli, anaubana kwenye midomo ya mtoto mpaka unaziba na pua. Halafu anamimina. Mtoto akitaka kuvuta pumzi, lazima ameze kwanza. Uji unaisha upesi na mama anarudi shambani. Mimi nilikuzwa hivyo na mume wangu alikuzwa hivyo. Kuna wanawake wanaosifiwa kwa kiganja chao, kama wengine wanavyosifiwa kwa kusuka vikapu, na Kukhu alikuwa mmoja wao.

Lakini mtoto mwenye mafua hana pua. Pua yake imekufa. Amebaki na mdomo wa kupumulia, na ndio huo unaojazwa.

Kukhu alikuwa amempa samli kidogo kidogo kwa kidole, iliyoyeyushwa na munyu. Akamtia matone puani pia, akisema inalainisha. Kila alipomtia, mtoto alikohoa zaidi, na kila alipokohoa zaidi, Kukhu alisema uchafu unatoka. Nikamwambia asimnyweshe kwa kiganja mpaka kifua kitulie. Alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani.

Asubuhi iliyofuata niliamua. Musimbi hakuwa ananyonya tena. Alishika titi kwa mdomo, akavuta mara moja, akaliachia ili apumue, akanitazama kama mimi ndiye niliyeliziba. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Sikumwamsha Murunga kumwuliza, alikuwa ameshakwenda kuwasha jiko la memsabu. Nilimwambia Kukhu, "Mama, naenda kumwambia Kiptoo anisubiri kwenye mikaratusi. Mshike mtoto, usimpe kitu. Narudi sasa hivi."

"Nenda," akasema. Hakubishana. Ningepaswa kujua hapo hapo. Kukhu hakuwa mtu wa kuacha bila kubishana.

Yaliyotokea nyuma yangu niliambiwa na Murunga mwenyewe, baadaye, wakati hakuwa na sababu tena ya kuficha. Memsabu alikuwa amekaa barazani akinywa chai, na mtoto wake kwenye kikapu. Akasikia kikohozi kutoka nyuma ya ua. Akaweka kikombe chini.

"Murunga," akasema, "mbwa ameanza tena?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, huyo ni binti yangu, memsabu, ana homa. Alisimama pale na sinia.

"Ndiyo, memsabu," akasema. "Ni mbwa."

Akatembea mpaka jikoni polepole ili asionekane ana haraka. Alipofika jikoni akaweka sinia, akaruka ua wa kaiyaba mahali penye mwanya, akachanika kanzu kwenye miiba. Akachungulia ndani ya nyumba yetu.

"Mama, amesikia! Mnyamazishe!"

"Si mke wako amenikataza?"

"Mnyamazishe, nimesema!"

Akarudi kukaanga mayai.

Mimi nilimkuta Kiptoo akifunga ng'ombe kwenye nira. Alikubali upesi, hakuwa mtu wa maneno. Jemutai alinipa sweta yake ya kumfunika mtoto. "Kimbia," akaniambia, "na yule bibi akikushika nguo, mwachie nguo." Nilicheka hata. Nakumbuka nilicheka, nikikimbia kwenye matope na sweta kwapani, kwa sababu jambo lilikuwa limeamuliwa na ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Nilipofika mlangoni kulikuwa kimya.

Kukhu alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, anafuta mkono wake wa kushoto kwa kitambaa. Bakuli la samli lilikuwa tupu. Musimbi alikuwa amelala juu ya mapaja yake, amefunikwa blanketi mpaka juu ya kichwa.

"Amelala," Kukhu akasema. "Amemeza yote. Si mlikuwa mnataka kimya?"

Nilifunua blanketi. Macho yalikuwa nusu wazi, na samli ilikuwa inang'aa kidevuni na puani. Alikuwa anapumua, lakini pumzi ilikuwa fupi, ya juu juu, na ndani yake kulikuwa na mlio, kama uji unaochemka kwenye moto mdogo. Nilimnyakua. Kukhu akanishika leso.

"Unampeleka wapi mtoto aliyepata usingizi? Unataka kumwamsha alie, mume wako afukuzwe?"

Niliiacha leso mkononi mwake.

Kutoka shambani hadi mjini kwa mkokoteni ni asubuhi nzima, na mvua ya jana ilikuwa imekula barabara. Kiptoo alishuka akatembea kando ya ng'ombe ili waende upesi. Nilikaa katikati ya madebe ya krimu, mtoto ndani ya sweta ya Jemutai. Hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa nimeomba kwa siku nyingi kwamba kikohozi kile kiishe, na sasa nilikuwa nampiga mgongo nikimwambia, kohoa, mama, kohoa. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alisimama pembeni kutupisha, akasema, "Loo, mtoto mtulivu huyo." Nilimsalimu. Ningefanya nini?

Zahanati ya Waafrika ilikuwa na foleni mpaka nje. Nilimwambia aliye mbele yangu kwamba mtoto ameharibika, akasema wake pia. Nikapiga kelele. Watu wakanitazama vibaya, lakini mwanamke mmoja aliyekaa kwenye benchi akasimama, akawasukuma wawili kwa kiwiko, akanipa nafasi yake mbele. Alikuwa na mtoto mnene mgongoni, mtoto anayekohoa wazi wazi bila aibu, kama ndume.

"Unatoka shamba gani, dada?" aliniuliza, kunishikilia kwa maneno tu.

Nikamwambia. Akasema, "Ee! Sisi tulikuwa jirani. Ng'ambo ya mto. Mume wangu alikuwa mpishi kule."

Nilimtazama. "Wewe ni Hellen?"

"Unanijua?"

"Mliofukuzwa. Mliochomewa nyumba."

Hellen alicheka kwa mshangao. "Kuchomewa na nani? Nyumba iliungua kwa ajili ya Joseph wangu na pombe yake. Alilala na kibatari kikiwaka. Yule mzungu alitupa na mabati ya kujengea, lakini Joseph akaona aibu, tukahamia Kiplombe, yuko kwa kinu cha kusaga posho sasa. Huyu mtoto? Memsabu wa kule ndiye aliyetuandikia barua tumlete hapa mara ya kwanza. Nani alikwambia tulifukuzwa?"

Mlango ulifunguliwa, nikaitwa.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, aliitwa Wanyonyi. Alikuwa mtu wa kwetu, miwani na koti jeupe, na alikuwa amechoka tangu asubuhi. Aliweka kile kitu cha kusikilizia kwenye kifua cha Musimbi, mbele, nyuma. Akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongo kwa kiganja. Mafuta ya manjano yakatoka puani yakadondoka kwenye meza. Akayanusa.

"Samli," akasema. Akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, foleni yote ikisikia. "Samli na munyu! Mnatoka kwenu na vibuyu, mnakuja huku mnakaanga watoto kama mandazi, halafu mnaniletea niwatoe mafuta! Nani alimnywesha?"

"Nyanya yake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta mkokoteni."

Nyuma yangu mtu alicheka. Sijui alicheka nini, labda lile neno mandazi. Dresa akamwita mwenzake, wakamwingiza mtoto chumba cha ndani, wakamchoma sindano, wakamwinua, wakamlaza. Waliniacha nisimame ukutani. Baadaye Wanyonyi aliacha kunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Alinivutia stuli. Akaniambia kwa lugha ya nyumbani, polepole, kwamba yaliyoingia kwenye mapafu hayatoki kwa sindano. Kama ningekuja na kile kikohozi cha siku za kwanza, alisema, angempa dawa na angerudi nyumbani mgongoni kwangu.

Musimbi alikufa mchana, mvua ilipoanza. Alishika kidole changu, halafu hakukishika.

Kiptoo alikuwa amenisubiri na madebe matupu. Tulirudi naye vile vile, mimi katikati ya madebe.

Tulimzika pembeni ya shamba, mahali walipozikwa vibarua, kwa kuwa kumpeleka nyumbani hakukuwezekana. Memsabu alikuja mpaka kwenye ua wa kaiyaba, akamwita Murunga. Mimi nilikuwa nimekaa chini, nilisikia yote. Alisema pole. Nadhani alikuwa na huruma. Halafu akasema, "Lakini Murunga, mimi nilikuuliza. Wewe ulisema ni mbwa." Murunga akasema, "Ndiyo, memsabu." Memsabu akasema gari lilikuwepo siku hiyo yote. Halafu akamwuliza kama ataweza kupika Jumamosi, kuna wageni, na kama hataweza, amwite yule ndugu wa Kituyi. Murunga akasema ataweza. Jumamosi alipika kuku wa kuchoma na pudini. Hatukufukuzwa. Hakuna aliyefukuzwa kwenye shamba lile kwa kikohozi, si kabla yetu wala baada yetu.

Nilidhani ubaya umeishia hapo. Nilikwenda mtoni kufua nguo za mtoto, ili nizipe mtu mwingine, na wanawake wakanyamaza niliponyanyua jiwe la kufulia. Mmoja akaja kunipa mkono. Akasema, "Pole, dada. Kumbe hospitali ni mbaya hivyo."

"Hospitali?"

"Si tumesikia? Mtoto alikuwa amepata nafuu kwa dawa ya nyanya, amelala vizuri kabisa, hakohoi tena. Ukamtoa kwa baridi ukampeleka mjini, wakamchoma sindano, akafa siku hiyo hiyo."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Hata yule mwanamke wa kuni alimwona barabarani. Anasema alikuwa mtulivu."

Niliwaambia yote, pale pale, maji ya sabuni yakinitoka mikononi. Niliwaambia samli ilitoka puani. Walitingisha vichwa, wakasema pole, mama, pole, na nikaona kwamba wananihurumia tu kama mtu ambaye uchungu umemchanganya akili. Niliporudi nyumbani kulikuwa na wanawake wawili kutoka kwenye laini wamekaa mlangoni kwangu, kila mmoja na mtoto wa makamasi. Walikuwa wamemfuata Kukhu. Alikuwa amekaa chini ameshanyoosha miguu, na bakuli kando yake.

Nilichukua bakuli nikalimwaga kwenye majivu. Kukhu akawaambia, "Msimjali. Ndiye aliyempeleka." Wale wanawake wakainuka, wakaenda na watoto wao, na Kukhu akawafuata huko huko kwenye laini na kibuyu chake. Nyumba ya tatu walimfungulia.

Nilimfuata. Nilisimama mlangoni mwa kila nyumba nikasema nililokuwa nalo la kusema. Wengine walinifungia. Mmoja aliniita mchawi. Mmoja, mke wa mchunga ng'ombe, Chepkorir, alinisikiliza mpaka mwisho, akamvika mtoto wake, akampeleka kwa mkokoteni asubuhi. Yule mtoto yuko mpaka leo, ameota meno yote. Mmoja tu. Kwa hiyo naandika, maana mlangoni naweza kufungiwa.

Mambo ya kuepuka mtoto akiwa na mafua:

Usimnyweshe kwa kiganja. Kama hawezi kumeza kwa kijiko, asimeze.

Usimzibe pua kwa sababu yoyote.

Usimtie samli puani, wala mafuta mengine, hata tone.

Usimpe munyu wala maji ya majivu.

Usimwingize kwenye blanketi na sufuria ya moto. Maji ya moto yakae mbali naye.

Usimlaze karibu na moshi.

Usimfunike kichwa.

Usimpe pombe ili alale.

Usifurahi kikohozi kikinyamaza ghafla. Mfunue umtazame.

Usingoje apate nafuu ndipo umpeleke kwa dresa.

Usiende kumtafutia usafiri ukamwacha na mtu aliyekukataza kumpeleka. Mbebe uende naye.

Usimfiche tajiri kwamba mtoto anaumwa. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume mumeo.

Usiamini habari ya mtoni mpaka umwone aliyetajwa.

Akivuta pumzi na ngozi inaingia kati ya mbavu, usimalize kusoma hapa. Nenda.